Seti ya Jiko

Wiki ya tatu sasa mvua ya Tukuyu haijui kupumzika,
na Ambakisye yumo pangoni, ndani ya simu ya shangazi,
anapigana na fisi wenye mabawa
kwa ajili ya mwiko.

Mwiko wa dhahabu! Ukiokotwa unalia kling'.
Kisha kikombe cha bati, chujio,
kibiriti chenye njiti moja isiyozimika.
Vinne kati ya vitano. Kisanduku cha mwisho bado ni kiza,
chini yake maandishi: Kifuniko cha Birika. Adimu sana.

"Unatafuta nini humo hata chai inapoa?"
"Kifuniko cha birika, bibi."

Bibi Tusekile akaacha kumenya ndizi.
Akalitazama birika lake pale mafigani,
limefunikwa kwa kisosi tangu msiba wa babu,
siku ile chai ilipochemshwa mara kumi na moja
na watu wakaondoka na matope, na miavuli isiyo yao,
na mmoja, Mungu anamjua,
na kifuniko.

"Cha bluu?" akauliza. "Kina kovu pembeni?"
"Cha dhahabu, bibi."
Akarudi kwenye ndizi zake.
"Haya. Ukikipata,
kijaribu hapa kwanza."