Wali Uko Tayari

Masasisho yaliingia alfajiri ya Jumanne
katika jengo letu la ghorofa kumi na tano, Daegu,
bila hodi, kama unyevu.
Kufika saa moja, sufuria za umeme ziliamka
zikasema "Wali uko tayari"
kwa sauti ya mtu mwingine.

Mtu mwingine kabisa. Kijana, mchangamfu,
wa aile ya watu wanaokuchekea
kabla hujamaliza kueleza msiba.

Gazetini habari ilikaa chini kabisa,
chini ya simu mpya inayokunjwa mara tatu:
kampuni imeboresha matamshi,
imepunguza uzito wa programu,
imeiondoa sauti iliyopitwa na wakati.
Mistari minne. Niliihesabu.

Basi watu wakachemka.
Mama wa 704 aliapa kwamba wali wenyewe umebadilika ladha.
Mwanawe, kitabu cha hesabu kwapani: sauti ni sauti, wali ni wali.
Mlinzi Gi Cheol-bae alinong'ona langoni
kwamba huyu mpya anasikiliza, yule wa zamani alikuwa akisema tu.
Kuna waliopiga picha sufuria zao zimefungwa kitambaa cheusi.
Kuna aliyeuza kuukuu lake, lisilowahi kuonja mtandao,
kwa bei ya pikipiki, na likanunuliwa chai haijapoa.
Mjuaji naye hakosekani: mngesoma masharti,
ukurasa wa arobaini na moja, aya ya pili.
Akatukanwa yeye, akatukanwa aliyemtetea,
na kufika usiku hakuna aliyegombania sufuria tena;
ulikuwa ugomvi juu ya ugomvi.

Bwana Maeng wa 1102 hakuandika neno.
Mkewe alikuwa na mazoea ya kuijibu ile sufuria,
"Haya, nimesikia,"
kila asubuhi, miaka kumi na tisa, mikono ikiwa na povu.
Baada ya mazishi akaijibu yeye,
nyumba isije ikagundua pengo.
Jumanne ile alifungua kinywa, akasema "Ha",
akakifunga.
Alimsimulia mlinzi, mlinzi akatusimulia sisi sote.

Mimi nakaa 903.
Sentensi thelathini na moja nilizisema siku moja ya Februari
katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani.
Walinipa bahasha, na sufuria moja, nyekundu.
Nilikuwa na mafua.
Ule mkwaruzo mdogo kwenye "tayari",
ambao wiki hii wanauita joto, wanauita utu,
wanaulilia watu nisiowajua huko Busan na Incheon,
ni makamasi.

Alhamisi kampuni iliomba radhi.
Sauti ya zamani itarudi, ilisema,
kwa ada ndogo ya kila mwezi.
Wakachemka upya, nusu wakilaani, nusu wakilipa,
wengi wakifanya yote mawili kwa kidole kilekile.
Mimi hakuna aliyenipigia simu. Sikungoja pia.
(Nilingoja kidogo. Hadi saa nne hivi.)

Jioni lifti ilitukutanisha, mimi na Bwana Maeng,
yeye na mfuko wa mchele wa kilo kumi,
mimi na vitunguu vyangu vya majani.
Miaka yote tumesalimiana kwa kuinamisha kichwa tu;
mwenye sauti ya kuuza hujifunza kuibania nyumbani.
Aliuliza, kidole hewani: ghorofa ya ngapi?
Nilikuwa na mafua tena, ni msimu wake.
"Ya tisa," nikasema. "Niko tayari."
Sijui kwa nini niliongeza hayo ya pili.

Kidole hakikubonyeza kitu.
"Haya," akasema, "nimesikia,"
kisha akaniomba radhi, akaitazama sakafu
kama mtu aliyemkanyaga mgeni mguu,
na lifti ikabaki pale pale chini, mlango wazi,
baridi ya nje ikituingilia.