Saa Sufuri

Kutwa nahesabu vidonge dukani Makadara,
kimoja mara tatu, baada ya kula.
Jioni navua koti, napanda ngazi za Kibokoni,
naiwasha kompyuta yangu ya mtumba,
haina mfuniko, matumbo yako nje,
feni yakohoa kama mtu wa shisha.

Hii si kazi. Hakuna anilipae.
Wenzangu hucheza bao; mimi hucheza na tarakimu.

Juzi nilinunua flashi Digo Road,
gandani imeandikwa thelathini na mbili.
Kuichomeka: ishirini na tisa na ushei.
Nikamrudia muuzaji, kijana aitwae Shekue,
nimefura kama aliyepunjwa nyama.
Akanambia: kiwandani elfu ni elfu,
elfu ya mashine yako ni elfu na ishirini na nne,
kila mtu na pishi yake, hapa hapana mwizi.
Nikacheka. Haya nimekua nayo.

Shangazi yangu, Bi Zuwena, hupima mbaazi Marikiti
kwa kopo la maziwa lililobonyea ubavu,
hujaza hata likafanya kichuguu,
kisha huongeza konzi, huiita "ya mtoto".
Sijaona chipu ijuayo konzi ya mtoto.
Na yeye ndiye aliyenunua pazia kwa wari
baada ya fundi kupima dirisha kwa mita.
Pazia likaja pungufu ya shibri nzima;
mpaka leo jua la saa mbili hupenya chini yake
likaja kunilalia miguuni.

Kioo nacho hupimwa kwa inchi, tena mshazari,
pembe hata pembe.
Nikipimwa hivyo mimi, toka kisigino cha kushoto
hadi ncha ya mkono wa kulia nilioupandisha,
hakuna mlango wa Kibokoni ungenitosha.

Kalenda ya mashine huanza Jumapili.
Pili ya nini, ikiwa ndiyo ya kwanza?
Lakini nisiwacheke. Wiki yetu ina tano mbili,
Jumatano na Alhamisi, zimelala ubavu kwa ubavu
kitanda kimoja miaka yote hii,
na hakuna aliyezisikia zikigombana.

Basi usiku mmoja, umeme uliporudi,
nikaandika programu, mistari tisa tu:
isome saa ya mashine, itoe sita,
ikipungukiwa ikope kumi na mbili,
ikizidi irudishe,
imwandikie shangazi saa kama aijuavyo,
kwa herufi kubwa, maana miwani yake imevunjika mkono.
Nikajaribu saa nne ya usiku: sawa.
Nikajaribu saa tano: sawa.
Nikalala kama aliyelipa madeni.

Alfajiri nikatikiswa bega.
Buibui keshavaa, kapu mkononi, kidole kwenye kioo:
"Saa sufuri asubuhi. Ndiyo saa gani hiyo, mwanangu?
Siku haijazaliwa, ama ishakufa?"

Sita toa sita.
Haikupungukiwa, haikuzidi, haikukopa kwa mtu.
Sikuwa nimeifikiria.

Mashine huanza kuhesabu na mkono mtupu.
Sisi huanza na moja, na kabla ya moja
hatusemi hakuna, twasema kumi na mbili:
kumejaa pomoni, mimina, uanze tena.
Kikombe ni kilekile.

Dawa yake ni mstari mmoja:
ikiwa sufuri, andika kumi na mbili.
Nimeuandika. Nimeujaribu. Nimeufuta.

Kwani tangu siku ile Bi Zuwena,
akiutaja ule muda ambao mwadhini keshamaliza,
mahamri ya jirani hayajaumuka,
na hakuna bado aliyemuuliza bei ya kitu,
huniambia, "Uje unibebee kapu. Saa sufuri.
Usinifanye nikungoje hata moja."