Doa Jeupe

Mwaka ule nilipewa kishikwambi na kizibao cha sensa,
Limbani nzima, toka kisimani hadi mnara wa simu.
Nikabisha hodi, nikauliza: mmelala wangapi usiku ule?
Nani haoni vyema, nani ana taabu ya kutembea?
Nikabonyeza, nikasonga.

Nyumba ya sabini na tatu, mguu wa kushoto ukakataa.
Haukuuma. Ulikataa tu,
kama punda aliyeona njiani kitu asichokiona mwenyewe.
Bi Mkasi akanivutia kigoda,
akanitazama miguu kwanza, kisha uso:
"Umekanyaga nini, mwanangu?"

Basi nikanywa kombe la zafarani, sahani kwa sahani,
nikafukizwa mpaka nguo zikakataa kufuliwa harufu.
Mwezi wa Rajabu jicho la kulia likaingia ukungu,
Shaabani likarudi, tukachinja jogoo.
Mfunguo Tano vidole vikafa ganzi:
kofia ya watu ikakaa mapajani, nusu imetobolewa,
sindano naiona, siisikii.

Shaame, kaka yangu, ni fundi wa Shirika la Umeme.
Karatasi ya daktari ilikuwa na jina refu, la kutafuna;
yeye akalisoma mara mbili, akatoa kipande cha waya mfukoni.
"Shaba nzima. Ala ndiyo iliyochubuka.
Moto unatoka kichwani, unavuja njiani."
Kisha akakirudisha kile kipande mfukoni, akatoka nje,
akakaa muda mrefu akifunga pikipiki iliyokwisha fungwa.

Daktari mwenyewe kijana wa Mtambwe.
Alishanivusha bahari kwenda kulala ndani ya mashine
inayogonga kama mafundi bati kumi juu ya fuvu moja.
Akanionyesha: madoa meupe ubongoni,
chokaa iliyomdondoka mpaka rangi.
Halafu akafungua ramani ya dunia.
Kaskazini kwa wenye baridi, wekundu wa kuiva.
Ukishuka, rangi inachujuka.
Wanawake, akasema, wawili, hata watatu, kwa mwanamume mmoja.
Kwa nini? Jua, pengine. Damu ya ukoo, pengine.
Homa fulani ya ujanani, pengine.
Nilizihesabu zile pengine; karani haachi kazi yake.

Nikaitafuta Pemba kwa kidole kisichosikia kioo.
Nyeupe.
"Ina maana hatuna?"
Akafuta miwani isiyo na vumbi.
"Ina maana hakuna aliyetuuliza."

Salhina, binti wa ami, alichukuliwa Uswidi na miaka sita.
Huko, anasema, mtaani kwao peke yake wako watatu,
na wana chama, na kadi, na siku yao ya kuogelea.
Huko wanakuuliza umeanza lini,
hawakuulizi umemkosea nani.
Naye ameambiwa aliyehamia mdogo
hubeba sehemu ya bahati ya kule alikohamia,
kwa hiyo kila asubuhi anameza jua la vidonge.
"Jua la chupani, dada! Na mama alikuwa akinifukuza uani!"
Nilicheka. Mie la bure nimeliota miaka thelathini na minne.

Siku hizi nina daftari langu, la kurasa sitini na nne.
Time wa Mchangamdogo, waliosema karogwa miguu.
Mwalimu wa Konde aliyepoteza jicho, likarudi, likapotea.
Marehemu Bikombo, waliyemchezea ngoma siku saba.
Sidai wote ni wenzangu;
si kila mguu uliokataa umekataa kwa sababu moja.
Naandika jina, mwaka, upande upi. Wino unayumba.

Na nyumba yangu?
Niliijaza ya mwisho, usiku, kabla ya kurudisha kishikwambi.
Taabu ya kutembea: hakuna.
Nilibonyeza nikiwa nimekaa.