Kovu la Tofali

Mashine haina injini. Haina waya, haina moshi.
Ina sanduku la chuma, kifuniko,
na mkono mrefu kama mchi uliokataa kinu.
Tulipoishusha kwenye mkokoteni wa Kazungu,
hapa Kakuyuni, nyuma ya chekechea,
Mbodze aliuliza, "Na chakula chake nini?"
Tukacheka.
Kumbe chakula chake ni sisi.

Udongo tunauchimba ng'ambo ya mihogo,
ule mwekundu wa chini, si ule wa juu wenye mizizi.
Ndoo kumi na sita kwa ndoo moja ya saruji.
Haluwa anahesabu kwa kokoto, anazifunga kwenye pindo la leso,
maana saruji ni pesa, na pesa ni ya chama.
Maji unanyunyiza taratibu,
kama unayemwamsha mtoto wa mwenzio.
Kisha unafinya donge kiganjani, unaliachia toka kiunoni:
likitawanyika vumbi, lina kiu;
likilala kama andazi, limelewa;
likipasuka vipande vinne, vitano,
haya, lete beleshi.

Jaza. Sawazisha. Funika. Vuta.
Mimi kilo arobaini na nane kwa mzani wa zahanati,
kwa hiyo sivuti, naruka,
naudandia mkono kwa tumbo, miguu inaning'inia,
na watoto dirishani wanapiga makofi:
"Mama Sidi kapaa!"
Chuma kinaguna. Udongo unatoa hewa.
Ukigeuza mkono, tofali linapanda lenyewe,
bichi, lenye kona kali.
Unalibeba kwa viganja vilivyonyooka, usilibane.
Bado si tofali.
Ni udongo uliokubali kusimama, basi.

Siku ya tatu nilikosa.
Chekeche lilikuwa na tundu pembeni, nikaliona, nikanyamaza,
jua lilikuwa la saa saba na mgongo haukuwa wangu tena.
Kijiwe cha tumbawe, saizi ya punje ya hindi, kikapita.
Mkono uliposhuka nikasikia mlio
ambao si wa udongo.
Bamba la ndani lilichanika mstari, toka kona hadi katikati.
Fundi Ngala, yule wa kuchomelea huko Malindi mjini,
alilipapasa kwa kidole gumba. "Bamba jipya, elfu saba."
Tukatazamana.
Haluwa akakaza fundo la leso yake.
"Lifanye kazi hivyo hivyo."

Tangu hapo kila tofali lina kovu.
Jiko la chekechea, kovu.
Vyumba viwili vya Mbodze, kovu, kovu,
choo cha zahanati, hadi juu kwenye matundu ya hewa.
Nilikuwa nikipita nageuza uso
kama mtu anayedaiwa dukani.
Hakuna aliyenitaja. Hilo ndilo lililouma.

Kura yangu ilikuwa ya tisa.
Ukuta wangu wa fito ulikuwa umeshalala upande wa kusini,
na mvua ya Mei ililala nasi kitanda kimoja.
Matofali elfu moja na mia mbili,
siku saba chini ya makuti,
nikiyanywesha asubuhi na jioni kama wagonjwa.
Chengo mwashi akaliinua la kwanza, akaligeuza, akaligeuza tena.
"Hili kovu nilielekeze ndani? Au utapiga lipu?"
Wenzangu wakaacha kuchota.
Mbodze alikuwa na mimba ya miezi sita, chekeche mkononi,
tundu limezibwa kwa uzi wa gunia.
"Nje," nikasema. "Na lipu sitaki."

Sasa jioni Sidi hukaa kibarazani,
anapitisha kidole ukutani, tofali kwa tofali.
"Mama, mbona mstari hauendi mpaka mwisho?"
Namwambia aingie alale.
Kesho ni kura ya kumi, ya Jumwa,
naye ni mwepesi kunishinda mimi;
itabidi turuke wawili.