Nakala ya Pili

Jumatatu umeme ulikatika Moshi nzima, ukarudi,
ukakatika tena kabla sijamaliza kumtukana aliyeukata,
na uliporudi mara ya tatu
diski yangu ikaanza kugonga.
Tak. Tak. Tak.
Kama mgeni asiyejua kuwa wenye nyumba wamehama.

Miaka kumi na moja nina kibanda cha stesheneri Mtaa wa Rengua.
Nimechapa wosia, maombi ya kazi, barua za kuomba radhi kwa bosi,
na kila mteja nimemwimbia yaleyale:
weka kwenye flashi, mama, jitumie na kwa barua pepe,
kompyuta ni chuma, na chuma hakina huruma.
Buku moja kwa kila nakala.
Mganga hajigangi. Najua. Msinikumbushe.

Mringo, fundi wa Double Road, aliishika kwa ncha za vidole,
akaiweka sikioni, akafumba macho kama mkunga.
"Kichwa kimekwangua sahani," akasema.
"Nairobi wapo wanaofungua. Milioni moja na nusu,
na hawaahidi kitu."
Nikauliza, je, nikiilaza kwenye friji?
Akacheka. Kisha akaniona usoni, akaacha.

Mahesabu ya duka, sawa, yaende.
Picha za kipaimara cha Ndeshi zinauma.
Lakini kulikuwa na faili moja,
nililiita BABA KIHAMBA MWISHO KABISA,
dakika arobaini na moja,
mzee Aikaeli akitembea shambani Uru na fimbo yake
akitaja mpaka kwa mpaka:
isale la kwanza, mfereji uliokauka, kaburi la bibi yake,
mgomba alioupanda mwaka niliozaliwa,
na jogoo akimkatiza,
na yeye akimjibu jogoo.

Wiki tatu baadaye tulimzika
hatua sita kutoka kwenye mfereji huo.

Nilipanda Uru kumwambia mama.
Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.
Diski hakuijua, ila alijua cha kuuliza:
"Hukumgawia mtu?"

Maharage yake ya mbegu hukaa sehemu tatu:
darini juu ya jiko, kwa shangazi Manka kule Kibosho,
na kopo moja kwa jirani asiyesalimiana naye.
"Tumegombana sisi," husema. "Maharage hayajagombana."

Basi nikaanza kuomba, nyumba kwa nyumba, simu kwa simu.
Binamu wa Bariadi ana picha mbili za kipaimara,
zimefifia kwa kutumwatumwa.
Katekista ana wasifu wa marehemu,
jina la kitongoji limekosewa; nililikosea mimi.
Na kaka yangu Elinami, anayefuta kila kitu,
kuna sauti moja hakuifuta, sekunde hamsini.
Nilimtumia siku ileile
nimringishie simu mpya inavyonasa.

Sasa nina diski mbili. Moja iko dukani.
Ya pili inalala kwenye sanduku la mama
ndani ya soksi ya baba, chini ya vitenge.
Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi napanda na kompyuta mpakato, nanakili,
naye mama anaichukua, anaitikisa karibu na sikio.
Mama, usiitikise!
"Nasikiliza kama imeoza."

Isale la tatu bado hatujakubaliana.
Mama anasema liko upande huu wa mparachichi,
jirani anasema ule,
na shahidi wetu alikuwa kwenye ile diski.

Sekunde hamsini hazifiki hata kwenye isale la kwanza.
Ni nyayo juu ya majani makavu ya migomba, kikohozi,
kisha baba, karibu mno na simu:
"Imewaka?"
Na mimi, kwa sauti ya mtu mwenye muda wote duniani:
"Imewaka, Baba. Anza tu."