Hesabu Baada ya Chokaa

Mimi ndiye karani. Kalamu nimeifunga kwa uzi
kwenye daftari, maana kalamu za kanisa zina miguu.
Mstari wa mwisho kabla hatujafungiwa unasema:
mia mbili na kumi na saba, mvua, sadaka imelowa.
Halafu kurasa tupu. Miezi kumi na minne.

Mhandisi alikuja na kinyundo, akagonga nguzo,
nguzo ikajibu kama dafu lililokwisha nywewa.
Chumvi, akasema. Upepo wa Kilindini umekula vyuma.
Chumvi! Na sisi ndio tuliojiita chumvi kila Jumapili.
Pasta Mwakio alitaka kucheka, akakohoa badala yake.
Mlango ukapigwa rangi nyekundu, alama ya kukosa,
kama kwenye hesabu za mtoto.

Tukasali katika chekechea ya Mghoi,
wazee kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa ndevu,
ukutani ba be bi bo bu.
Kodi ikapanda. Tukahamia gereji ya Righa,
tukaimba katikati ya harufu ya dizeli.
Kila tulipohama, wachache walidondoka,
mchele kwenye gunia lenye tundu:
husikii punje ikianguka,
unahisi tu mzigo umekuwa mwepesi,
na unashukuru.

Hilo ndilo ninaloungama. Tulishukuru.
Viti vilitosha. Chai ilitosha.

Mama Dzame tulimzika Rabai bila ngoma yake;
ilikuwa imefungiwa ndani, mchwa wakiila upande mmoja.

Wiki ya kufunguliwa tulikuta kunguru wamejenga penye kengele,
kiota cha nyaya, miswaki, na utepe wa harusi ya mtu.
Bwana Athumani wa ng'ambo ya ukuta,
aliyewahi kutushtaki kwa chifu kwa kelele za ngoma,
alipitisha mpira wa maji juu ya ua
akaja kusuuza sakafu nasi, suruali kaikunja magotini.
"Kimya chenu," akasema, "kilikuwa kinaninyima usingizi."

Jumapili, chokaa bado yanuka.
Nikahesabu sitini na watatu.
Nikahesabu tena nikianzia nyuma. Wale wale.
Pasta akaniuliza kwa macho, nikamwonyesha daftari,
na hakuhubiri.
Alisema: mtaje aliyekuwa akikaa kando yako.

Kimya. Feni ikazunguka.
Kisha jina moja, safu ya tatu, kwa sauti ya mafua.
Kisha majina yakaja kama watu wanaoshuka feri,
yakisukumana, mengine yamebeba mizigo.
Mimi nilisema: Kadzo.

Kadzo anauza viazi karai njia ya Chaani.
Nilimpelekea mahamri ya sherehe
kwenye sahani yangu ya maua.
Hakupokea upesi. Aligeuza viazi mafutani.
"Gereji yenu nilikuwa naiona kutoka hapa," alisema.
"Miezi minane. Nyinyi hamkuniona?"

Nilikuwa na aya tayari. Ikanikwama kooni.
Nikachukua ndoo, nikaipindua, nikakaa.
Tulimenya viazi mpaka taa za barabara zikawaka.
Kuhusu kanisa sikutamka neno.
Alinieleza bei ya mafuta, na mguu wa mwanawe uliovunjika
mwezi ule tuliokuwa tukichangia saruji.

Jumapili ya pili: sitini na mmoja.
Wamepungua wawili. Nimeandika hivyo hivyo.
Lakini kwenye sala ya mwisho, mlangoni,
akasimama kijana wake, anachechemea kidogo,
viatu mkononi, hajui kama aingie,
na sahani yangu imefunikwa gazeti, mvuke ukitoka.
"Mama amesema sahani hairudi tupu."

Nikavuta kalamu mpaka mwisho wa uzi wake.