Anayedaiwa na Marehemu

Nilisimama nyuma, ukingoni mwa turubai,
msemaji wa ukoo alipopanda
kusema yale yasemwayo kila msiba:
anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye,
aonane na familia baada ya chakula.

Watu wakainamisha vichwa.
Sisi wa magari ya zamani tukatazamana.

Fundi Aikaruwa, gereji ya Pasua, nyuma ya mashine ya kukoboa,
hakuwahi kuandika risiti.
Alikuwa na daftari la kaunta lililokunywa grisi
hata ukurasa mmoja ukausoma na wa pili.
Hamkuwa na shilingi humo. Mlikuwa na:
Lyatuu wa Kiborloni, kofia ya disteributa, Moris. Atarudisha.
Jagdev, ringi za pistoni, seti kasoro moja.
Padri, jeki.
Padri, jeki tena.

Mgeni alidhani hajui kazi.
Unamletea Pijo inakohoa kama mwenye pumu,
umebeba maelezo yako tangu Himo,
naye anakunyooshea kidole: nyamaza, iseme yenyewe.
Anachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye injini, mpini sikioni,
anafumba macho,
na gereji nzima, hadi kuku wa jirani, inangoja.
Kisha: "Tepeti ya tatu. Nani kaigusa?"

Mimi ndiye niliyeigusa. Nilikuwa na miaka kumi na saba.
Alikuwa anajua anapouliza.

Leo wanamtungia misemo.
Tangu asubuhi nimesikia mitatu, yote ya hekima,
yote ya uongo.
Alichosema mara nyingi ni "Lete tochi."
Na "Siyo hiyo."
Gasketi aliikata kwenye kalenda ya benki,
mwezi wa Agosti wote ukaingia ndani ya Ostin
na Ostin ikaenda Same, ikarudi.

Kila Desemba, mji ukifurika wenetu kutoka Dar
na magari yao yanayong'aa, yasiyojua kuzimika,
sisi tulitoa ya kwetu:
Folksi mbili, Moris, Landrova isiyo na mlango,
tukazunguka Mnara wa Saa, tukashika njia ya Marangu.
Yeye alikaa mwisho, ndani ya Bedford,
akiokota wanaobaki.
Hukuwahi kumwona mbele. Ukitazama kioo, yupo.

Leo ametangulia.
Neno hilo wamelisema watu wengi, nami sikulisikia
mpaka nilipoiona Bedford inapanda Kidia na jeneza mgongoni,
sisi tukifuata kwa gia ya kwanza,
na kwenye kioo changu
vumbi, na mtoto mmoja anayepunga mkono.

Baada ya chakula nikapanga foleni.
Padri alikuwa mbele yangu, kakumbatia jeki.
Binti yake, Ndeshi, alifungua daftari mezani,
kando ya mtungi wa mbege ambao hakuna aliyeugusa.
Nilitaja jina langu. Halikuwemo.
Akarudi nyuma, kurasa za mwanzo, kidole kikitembea,
kikasimama.
"Kijana, tochi. Ndiye wewe?"

Nina miaka hamsini na mbili.
Nikasema ndiye.

"Na iko wapi?"
"Garini."
Akanitazama kama baba yake alivyotazama plagi,
akafunga daftari. "Basi leo usirudishe. Giza linaingia."

Na Pijo, kule chini ya migombani, ikagoma kuwaka.
Wakaja wote, kila mtu na dawa yake:
ni betri, ni petroli, ni baridi ya huku juu.
Nikafungua boneti.
Nikawasha tochi, mwanga wa njano, mwembamba.
Nikanyoosha kidole, nao,
watu wazima wenye suti,
wakanyamaza.